Kupanda paini kwa mkanda wa kukalia: mwongozo kwa wavunaji wa mbegu Nyanda za Juu Kusini

Mbegu nzuri ya paini iko juu. Mti ulionyooka, wenye matawi membamba na shina lisilogawanyika, ndio unaostahili kuvunwa mbegu, na mti huohuo ndio mgumu kuupanda, kwa kuwa umepogolewa vizuri na mita saba au nane za kwanza hazina tawi la kushika. Mvunaji asiye na vifaa hufanya lililo rahisi. Anakwenda kwenye mti mfupi uliopinda pembezoni mwa shamba, wenye matawi mpaka chini, anajaza gunia na kuuza. Mkulima wa Makete au Kilolo aliyenunua mbegu hiyo ataligundua hilo miaka mitano baadaye, atakapoona shamba lake limejaa miti iliyopinda ambayo mbao zake hazitamlipa.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuufikia ule mti mzuri na kurudi chini mzima, kwa kutumia mkanda wa kukalia, kamba na ngazi ya vipande. Paini inayozungumziwa ni Pinus patula, ile ya sindano ndefu zinazoning'inia, yenye asili ya Mexico, ambayo imejaa Mufindi, Njombe na Makete na katika shamba la miti la Serikali la Sao Hill. Kanuni za kamba ni zilezile kwa mlingoti (mkaratusi) au mti mwingine wowote wenye shina moja refu.

Mkanda ulivyo

Mkanda wa kukalia una sehemu tano. Kuna kitambaa kipana cha nailoni kinachobeba makalio, mkanda wa kiuno, vitanzi viwili vya mapaja, na pete mbili kwenye nyonga za kufungia kamba inayozunguka shina. Mbele kuna kipande cha kamba kinachotoka nyonga moja hadi nyingine, na hapa tutakiita daraja. Ukining'inia, uzito wako wote unapita kwenye daraja hilo.

Wawindaji wa mishale huko Marekani hukaa kwenye mikanda ya namna hii kwa saa nyingi wakimsubiri kulungu, na wapogoaji wa miti ya mijini wana ya kwao iliyo mizito zaidi. Kwa mvunaji wa mbegu, mkanda huu unaacha mikono yote miwili huru na kuuwezesha mwili kuzunguka shina bila kushuka. Ukishikilia tawi kwa mkono mmoja na kuchuma kwa mwingine, unafanya nusu ya kazi na unachoka mara mbili.

Jambo moja lieleweke kabla ya yote: mkanda huu ni wa kukalia, si wa kudaka mtu anayeanguka. Kamba yake hainyumbuki. Ukiiachia ilegee mita moja halafu mguu ukateleza, mshtuko wote unaishia kwenye nyonga na uti wa mgongo, na unaweza kupinduka kichwa chini. Kwa hiyo kamba haitakiwi kulegea hata kidogo ukiwa juu. Ukipata hanesi ya mwili mzima, yenye mikanda ya mabegani, itumie hiyo. Ni nzito kidogo lakini haikuachii ukipinduka.

Vifaa vya mpandaji mmoja

Mkanda wa kukalia 1, wenye lebo ya kiwanda inayosomeka na inayoonyesha uzito unaoruhusiwa. Jumlisha uzito wako, nguo, vifaa na mzigo wa koni (matunda magumu ya paini yanayobeba mbegu) kabla ya kusema unakutosha.

Kamba za shina 2, unene wa milimita 11, mita 3 kila moja. Hesabu yake ni hii: shina la kipenyo cha sentimita 40 lina mzingo wa takribani sentimita 126. Ongeza sentimita 45 kila upande kufika nyonga, kisha sentimita 60 za fundo na mkia. Hiyo ni karibu mita 2.8. Shina likiwa la sentimita 60 utahitaji mita 3.4, kwa hiyo pima miti yako kwanza ndipo ukate kamba.

Kamba ya juu 1, unene uleule, mita 3. Hii ndiyo utakayoikalia ukiwa kazini.

Kamba ya kushukia 1, aina isiyonyumbuka, milimita 11, mita 60 kwa mti wa mita 25, kwa sababu itapita mara mbili. Pamoja nayo, nane ya chuma 1, yaani kifaa cha kushukia chenye umbo la namba 8.

Nyuzi za milimita 8 za kufungia fundo la prusiki, lile linaloibana kamba likibeba uzito na kusogea likilegezwa, 4. Karabina (pete za chuma zinazofunguka upande mmoja) 7 zenye kufuli, zilizochongwa namba ya kilonewtoni 22 au zaidi. Ngazi ya vipande, kila kipande mita 2.5 hadi 3, na mikanda yake ya kuifunga kwenye shina. Kofia ngumu zenye kamba ya kidevuni, moja ya mpandaji na moja ya kila aliye chini. Buti zenye kisigino kinachoonekana, glavu nyembamba za ngozi, filimbi.

Ngazi mnaweza kumchongesha fundi wa kuchomelea pale Mafinga au Makambako. Mkanda, kamba na karabina haviundwi mtaani. Kamba ya manila inayouzwa madukani ni ya plastiki inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi, na kamba inayosuguana na kamba nyingine huku mtu akishuka hupata joto kali. Jua nalo linaila ndani kwa ndani huku nje ikiwa bado na rangi. Kamba ya katani huoza ikilowa na kukauka mara kwa mara. Karabina ndogo za rangi zinazouzwa kama vishikio vya funguo hufunguka kwa uzito wa mtu. Mkanda wa kiti cha gari ulioshonwa na fundi cherehani ni wa kukataa kabisa hata kama umeshonwa kwa uzi mara kumi, kwa sababu uzi wenyewe ndio unaokatika.

Miiba ya chuma ya kufunga kwenye buti isitumike kwenye miti ya mbegu. Kila tundu ni mlango wa ugonjwa, na mti wa mbegu unatakiwa urudiwe mwaka baada ya mwaka.

Kujifunza chini kwanza

Chagua mti imara, funga kamba ya juu kwenye shina, kaa kwenye mkanda miguu ikiwa sentimita 50 tu kutoka ardhini. Kaa nusu saa nzima. Usumbufu wote utakaoupata juu utauona hapa, na hapa ndipo pa kuutengeneza.

Kiuno kikibana na mgongo wa chini kuuma, kamba ya juu umeifunga chini mno. Isogeze hadi usawa wa paji la uso ukiwa umesimama wima. Magoti yakigonga shina na daraja likija usoni, imepanda mno. Nyonga zikibanwa kama zimewekwa kwenye koleo, legeza mkanda wa kiuno kidogo, shusha kitambaa cha makalio kifike chini zaidi kwenye mapaja, kisha refusha daraja kwa sentimita chache. Wengi hufanya kinyume: wanaukaza mkanda wa kiuno wakidhani unalegea, na maumivu yanazidi. Daraja likiwa refu kupita kiasi unakaa mbali na shina, huzifikii karabina zako bila kujivuta.

Miguu inatakiwa ikanyage shina mbele yako, magoti yakiwa yamekunjwa kiasi, uzito ukigawanyika kati ya makalio na nyayo. Jifunze kutembea kuzunguka shina kulia na kushoto kwa hatua ndogo. Utagundua upande mmoja ni rahisi kuliko mwingine, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kupanga utaanzia wapi juu.

Rudia kufunga fundo la nane lililorudiwa mpaka ulifunge gizani, na mkia wake usipungue sentimita 10. Prusiki ya milimita 8 kwenye kamba ya milimita 11 izunguke mara tatu. Ikizunguka mara mbili inaweza kuteleza, hasa kamba ikiwa mpya.

Kabla ya kupanda

Msimu unaofaa ni wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, kwa sababu mvua za Nyanda za Juu hulowesha magome kuanzia Novemba au Desemba. Lakini hata kiangazi kina matatizo yake. Juni na Julai asubuhi Mufindi kuna ukungu, na Makete kuna barafu nyembamba kwenye majani. Subiri jua lipande mpaka gome likauke, na mikono ipate joto, kwa kuwa vidole vilivyokufa ganzi havihisi kama kufuli la karabina limefungwa. Upepo ukitikisa vilele kiasi cha kuvigonganisha, hakuna kupanda siku hiyo. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kwa mbali, shuka.

Kwenye shamba la Serikali usipande bila kibali cha maandishi cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na kwenye shamba la mtu binafsi kubaliana na mwenyewe kwanza.

Uzunguke mti mara mbili, mara moja ukiwa karibu na mara ya pili ukiwa mbali. Tazama matawi makavu yaliyonasa juu, gome lililochubuka, uyoga kwenye shina au mizizi, nyuki, na nyaya za umeme. Mti wenye utomvu unaomwagika sana kutoka kwenye kovu unaweza kuwa umeoza ndani. Gonga shina kwa ubapa wa panga usikilize. Ukilia kama pipa tupu, uache.

Mti wa kuvuna uwe na majirani wa aina yake. Paini iliyosimama peke yake hujichavusha yenyewe, na mbegu zake nyingi huwa tupu au miche yake dhaifu. Vuna kwenye miti 25 au zaidi iliyoachana walau mita 50, na usiifanye yote siku moja.

Timu iwe ya watu watatu: mpandaji, mshika kamba wa chini, na mtu wa tatu anayejua kupanda mwenye mkanda wake tayari. Huyo wa tatu ndiye mwokoaji. Asiwe kijana aliyekuja kubeba magunia tu. Tafuteni mapema sehemu yenye mtandao wa simu na mkubaliane njia ya kufika hospitali, maana kwenye mabonde ya Mufindi unaweza kutembea nusu saa kabla simu haijashika. Weka duara la mita 10 kuzunguka mti ambalo haliingiwi wakati mtu yuko juu.

Kupanda

1. Mshika kamba akague mkanda wako kwa macho na kwa mkono: vifungio vyote, vitanzi vya mapaja, kufuli la kila karabina. Mwenyewe hujikagui vizuri, kwa sababu macho yanaona ulichokusudia kufunga.

2. Zungusha kamba ya shina ya kwanza, funga kwenye pete ya pili ya nyonga, kaza. Unafanya hivi ukiwa bado ardhini. Kosa lililozoeleka ni kupanda kipande cha kwanza cha ngazi bila kufunga kwa kuwa ni karibu, na mita tatu zinatosha kuvunja mguu.

3. Panda kipande cha kwanza. Kaa kwenye kamba ya shina, vuta kipande cha pili kwa kamba nyembamba, kiunganishe na ufunge mkanda wake kwenye shina. Ukijaribu kwa mguu kabla ya kukipa uzito wote, utajua kama kimekaa. Endelea hivyo mpaka matawi ya kwanza.

4. Ukifika kwenye tawi, usifungue kamba uliyonayo. Chukua kamba ya pili, izungushe kwenye shina juu ya tawi, ifunge, ikaze, iegemee kwa uzito wako. Ndipo ufungue ya kwanza. Utaratibu huu utaurudia kwenye kila duara la matawi, yaani matawi yaliyoota usawa mmoja kuzunguka shina, huenda mara ishirini kwa mti mmoja, na kuna wakati utaona ni upotevu wa muda. Usifupishe. Wanaoanguka wengi huanguka katika zile sekunde chache za kuhamisha kamba.

5. Kanyaga tawi karibu kabisa na shina, kamwe si katikati yake, na usikanyage tawi kavu. Paini hukauka matawi ya chini yakiwa bado yameshikilia, nayo hukatika bila kutoa mlio wa kukuonya.

6. Kadiri unavyopanda, gome linabadilika. Chini ni nene na lina nyufa, kamba inashika. Juu ni jekundu, jembamba, linabanduka kama karatasi, na kamba ya shina huteremka nalo. Sehemu hiyo weka kamba juu ya duara la matawi imara ili izuiwe isishuke.

7. Simama pale shina linapofikia kipenyo cha sentimita 10. Juu ya hapo hakuna kamba wala mkanda utakaokusaidia, kwa sababu kitakachovunjika ni mti wenyewe. Koni zilizobaki juu zivutwe kwa kingoe, au ziachwe.

Kukaa na kuchuma

Funga kamba ya juu kwenye shina, usawa wa paji la uso, juu ya matawi yenye afya. Unganisha daraja kwa karabina na prusiki, kaa taratibu, acha kamba moja ya shina ikiwa imefungwa na kukazwa. Sasa una nafasi mbili za usalama, na ibaki hivyo mpaka unapoanza kushuka. Kamba ya juu isiwe chini ya kiuno chako wakati wowote. Ukitaka kusimama kufikia tawi la juu, ipandishe kwanza.

Koni ya patula huchukua takribani miaka miwili kukomaa, na haifunguki ikikomaa bali hubaki imefumba mtini kwa miaka. Ndiyo maana hakuna haraka ya kuvuna kila kitu mwaka huu. Chuma zilizogeuka kahawia. Za kijani ziache. Pasua moja kwa urefu: mbegu iliyo tayari ina ganda jeusi au la kahawia iliyoiva, na ndani ni nyeupe, ngumu, imejaa. Ikiwa ndani ni maji au utando, mti huo bado.

Koni zimeng'ang'ania tawi na huwa zimejikusanya kadhaa pamoja. Zizungushe kwa kuzisokota, au tumia mkasi wa matawi uliofungwa kwa kamba kwenye mkanda wako. Usivunje tawi ili kurahisisha. Kwenye ncha zake kuna koni changa, ndogo kama njegere au kubwa kidogo, ambazo ndizo mavuno ya miaka inayofuata. Anayevunja matawi anavuna mara moja tu.

Weka koni kwenye kiroba kilichoning'inizwa kwa kamba yake yenyewe, si kwenye mkanda, na usizidishe kilo 10 kabla ya kukishusha. Ukikishusha, toa sauti, "Mzigo!", subiri jibu la chini, ndipo uteremshe.

Utomvu utakupaka mikono, na mikono itaupeleka kwenye kamba. Prusiki ikishika utomvu inaganda, haisogei kwa urahisi, na baadaye huweza kusogea ghafla. Futa mikono kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia na kuikausha vizuri kabla ya kugusa kamba tena. Petroli na mafuta ya taa visikaribie vifaa vyako.

Kila dakika chache nyoosha miguu, kanyaga, badilisha upande. Mtu anayening'inia bila kuisogeza miguu, damu hukwama miguuni, naye huanza kujisikia kizunguzungu, kichefuchefu na jasho la baridi. Ukihisi hivyo, simama kwenye tawi au kwenye kitanzi cha kamba ulichokifungia mguu, kisha shuka. Saa moja na nusu juu inatosha kwa awamu moja.

Kushuka

Njia salama kwa anayejifunza ni kushuka alivyopanda, kamba kwa kamba, ngazi kwa ngazi.

Mzoefu anaweza kutumia kamba ya kushukia. Ipitishe nyuma ya shina juu ya duara la matawi lenye nguvu, pande zote mbili zifike ardhini, na mshika kamba athibitishe kwa sauti kwamba zimefika. Funga fundo kwenye kila ncha. Pitisha nyuzi zote mbili kwenye nane ya chuma iliyofungwa kwenye daraja, na chini yake funga prusiki inayoshika nyuzi zote mbili, iunganishwe na kitanzi cha paja. Iwe fupi kiasi kwamba haigusi nane hata ikikazwa, la sivyo nane itaisukuma na haitashika. Iegemee, hakikisha prusiki inakushika, ndipo ufungue kamba ya juu na mwisho kamba ya shina. Shuka polepole bila kuruka. Ukifika chini, fungua mafundo ya ncha kabla ya kuvuta kamba.

Mpandaji akizimia juu, mwokoaji apande mara moja na kumteremsha. Dakika ndizo zinazoamua. Akifika chini alazwe chali, alegezwe mkanda, aangaliwe kama anapumua, na ipigwe namba ya dharura 112 huku gari likiandaliwa. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali.

Baada ya kazi

Andika kwenye kila gunia aina ya mti, mahali, tarehe na idadi ya miti iliyovunwa. Anika koni juu ya turubai juani. Patula inataka joto la kutosha ili ifunguke, kwa hiyo turubai jeusi ni bora, na lifunikwe jioni kabla umande haujashuka. Zikifunguka, zitikise, sugua mbegu taratibu kuondoa mabawa, pepeta. Gunia zima la koni hutoa mbegu kidogo, lakini kilo moja ya mbegu ina zaidi ya punje 100,000. Zihifadhi zikiwa kavu kwenye chombo kisichopitisha hewa, mahali pa baridi.

Kamba na mkanda vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, vikaushwe kivulini, vitundikwe mbali na jua, mbolea, dawa za shamba na asidi ya betri ya gari. Kabla ya kila kazi pitisha kamba yote mikononi, sentimita kwa sentimita. Penye uvimbe, ugumu, ulaini usio wa kawaida au nyuzi za ndani zilizotokeza, ikate hapo vipande vifupi ili mtu mwingine asiiokote akaipandia. Mkanda au kamba iliyodaka anguko hata moja haipandiwi tena.